Sheria ya Matibabu Ikifutwa, Mgonjwa Ashike Wapi?

Watu wengi hudhani kwamba sheria ikisha kutiwa sahihi na mkuu wa nchi imekuwa kama mwamba wa pwani, haitikisiki tena. Sivyo. Sheria hutungwa na watu, na watu hao hao, au wengine watakaokalia viti vyao, waweza kuifuta. Sheria ya forodha ikifutwa, mkulima wa kijijini huenda asipate habari mwaka mzima. Lakini sheria ya matibabu ikifutwa, habari humfikia upesi sana, kwa maana humkuta mbele ya dirisha la hospitali, mtoto mgongoni na kadi mkononi, akiambiwa kwamba kadi ile haitumiki tena.

Jambo hili limewapata jirani zetu wa Kenya, na sisi wa Pemba yatupasa kulitazama kwa makini kuliko watu wa bara. Sababu ya kwanza ni udugu. Tangu zamani za mababu wavuvi wa kisiwa hiki huvuka kwenda dago katika pwani ya Kenya, wakifuata samaki na pepo za kaskazi na kusi. Wengine walikaa huko, wakaoa, wakazaa. Wengine waliondoka huku baada ya Mapinduzi ya 1964. Wajukuu wao wako Kwale, Kilifi, Mombasa na kwingineko, na sehemu kubwa yao waliishi miaka mingi pasipo kitambulisho cha nchi yo yote. Mtu asiye na kitambulisho hana njia ya kuandikishwa katika bima ya Serikali. Akiugua, hulipa taslimu, au hukaa nyumbani.

Mwezi wa Januari 2023 Serikali ya Kenya ikawatambua Wapemba kuwa mojawapo ya jamii za nchi ile, na tarehe 28 Julai mwaka huo huo Rais William Ruto akaenda Kilifi kuwakabidhi vyeti vyao. Fikirini furaha ya siku ile. Mama aliyekuwa akijifungulia nyumbani kwa kuogopa kuulizwa karatasi, sasa aweza kusimama katika mstari mmoja na wenziwe na kuomba kadi. Basi haikutimia miezi mitatu, tarehe 19 Oktoba 2023, Rais yule yule akatia sahihi sheria ya kuufuta mfuko ambao kadi hiyo ilikuwa yake.

Sisemi kwamba ilifanywa kwa ubaya. Mambo hayo mawili yalikuwa katika mafaili mbalimbali, na huenda aliyeshika hili hakuwa na habari ya lile. Lakini ndivyo sheria zinavyowafikia watu wadogo: moja inakufungulia mlango wakati nyingine inahamisha nyumba.

MFUKO ULIOFUTWA

Mfuko wenyewe uliitwa NHIF, yaani Mfuko wa Taifa wa Bima ya Hospitali. Ulianzishwa mwaka 1966, miaka mitatu tu baada ya Uhuru wa Kenya, nao mwanzoni uliwalazimisha wenye mishahara mikubwa kidogo tu, waliopata shilingi 1,000 kwa mwezi au zaidi. Baadaye milango ikafunguliwa kwa wengine. Mwaka 1998 ikatungwa sheria mpya iliyoufanya uwe shirika la umma lenye bodi yake. Mkulima, mvuvi au mama muuza samaki aliyetaka kujiunga alilipa shilingi 160 kwa mwezi, mpaka mwaka 2015 zilipopandishwa kuwa 500. Mwenye mshahara mkubwa kuliko wote alikatwa shilingi 1,700, wala hata akipokea laki kumi hakukatwa zaidi ya hapo.

Hapana budi kusema kweli juu ya mfuko ule. Ulitibu watu wengi, nao ulikuwa na lawama nyingi. Hospitali zililalamika kwamba hazilipwi kwa wakati. Wengine nao walishtakiwa kwamba wanaudai mfuko fedha za wagonjwa ambao hawakutibiwa, na mwaka 2023 wenyewe hospitali kadhaa zilisimamishwa kwa tuhuma za namna hiyo. Na watu wasio na ajira ya mshahara, ndio wengi katika nchi zetu zote, hawakujiunga kwa wingi. Au walijiunga mwezi walipougua, wakaacha kulipa walipopona. Ye yote aliyewahi kutunza kitabu cha chama cha kuzikana ajua desturi hiyo.

Basi Serikali ya Bwana Ruto ikaleta Bungeni miswada minne kwa pamoja, ikapita yote minne. Mmoja ulihusu afya ya msingi, mmoja kumbukumbu za wagonjwa kwa njia ya kompyuta, mmoja fedha ambazo hospitali hukusanya zenyewe, na wa nne bima ya afya ya jamii. Huu wa nne ndio ulioifuta sheria ya 1998. Mahali pa mfuko mmoja ikawekwa mamlaka mpya, wenyewe huiita SHA, yenye vyungu vitatu. Chungu cha kwanza ni cha dispensari na vituo vya afya, nacho hujazwa na Serikali, mwananchi akiwa amejiandikisha hatozwi. Cha pili hujazwa na michango ya watu, kwa ajili ya hospitali kubwa. Cha tatu ni cha ajali na magonjwa mazito ya muda mrefu, mtu anapokuwa amekwisha kumaliza haki yake katika kile cha pili.

Kwa maandishi, mimi naona mpango huu ni bora kuliko ule wa kwanza. Mchango uliwekwa kuwa asilimia 2.75 ya pato, wala usipungue shilingi 300 kwa mwezi. Fanyeni hesabu. Mwenye mshahara wa shilingi 100,000, aliyekuwa akikatwa 1,700, sasa hukatwa 2,750. Mvuvi aliyekuwa akitakiwa 500 huenda akatakiwa 300. Mwenye nacho anatoa zaidi, asiye nacho anatoa kidogo. Kwa Mkristo aliyelelewa na mafundisho ya Kanisa hilo si jambo la kulalamikia. Tabu ilikuwa mahali pengine. Mfanyakazi hukatwa kila mwezi, lakini asiye na mshahara alitakiwa kutoa mchango wa mwaka mzima kwa mara moja. Shilingi 300 mara kumi na mbili ni 3,600. Mvuvi hupata leo akakosa kesho; bahari ikichafuka wiki mbili hana hata ya unga. Ndipo mwaka 2025 ukatengenezwa mpango wa kukopeshwa mchango huo na kuulipa kidogo kidogo, nao ukaitwa Lipa SHA Pole Pole. Jina hilo lingalikuwa zuri zaidi kama lingalifikiriwa mwaka 2023.

Hapa naomba wasomaji wasimame kidogo, maana kuna jambo ambalo wengi hulipita. Asilimia 2.75 haimo ndani ya sheria yenyewe. Sheria ilisema mtu atatoa mchango utakaowekwa. Kiasi chake kikaja kuandikwa katika kanuni za mwaka 2024. Tofauti ni kubwa. Kufuta sheria ni lazima kutunga sheria nyingine, yaani mswada usomwe, wabunge wabishane, kura zipigwe. Kanuni hutungwa na waziri. Kwa hiyo mwanakijiji akisikia kwamba sheria nzuri imepita, aulize pia kanuni zake ziko wapi, kwa kuwa mfuko wake wa shati utaguswa na kanuni kuliko sheria.

KATI YA NYUMBA MBILI

Sheria ilipoanza, watu wakaenda mahakamani. Mwezi wa Novemba 2023 Mahakama Kuu ikaisimamisha. Januari 2024 Mahakama ya Rufani ikairuhusu iendelee, isipokuwa vifungu vichache. Tarehe 12 Julai 2024 majaji watatu wa Mahakama Kuu wakaamua kwamba sheria hiyo ni kinyume cha Katiba, hasa kwa sababu Bunge halikuwasikiliza wananchi ipasavyo kabla ya kuipitisha, wakalipa Bunge siku 120 lirudi kuwauliza watu. Waliona ubaya pia katika kifungu kilichomtaka kila mtu aonyeshe kwamba amejiandikisha ndipo apate huduma nyingine za Serikali. Tarehe 20 Septemba Mahakama ya Rufani ikaizuia hukumu hiyo isitekelezwe kwanza. Siku kumi na moja baadaye, tarehe 1 Oktoba 2024, mfuko wa zamani ukafungwa na mpya ukafunguliwa.

Mwanasheria aweza kuisoma habari hiyo kwa utulivu. Mgonjwa je? Kwa muda wa karibu mwaka mzima hakujua kama kadi yake ni hai au imekufa. Mama mjamzito aliyekuwa katika mpango wa Linda Mama, uliomwezesha kujifungua bila malipo, alitakiwa kujiandikisha upya katika mpango mpya. Mgonjwa wa figo husafishwa damu mara mbili kwa wiki. Hana nafasi ya kungoja majaji wapatane. Wazee wasiojua kutumia simu walingojea wajukuu warudi kutoka shule wawaandikishe.

Tena kulikuwa na madeni. Mfuko wa zamani ulipofungwa ulikuwa ukidaiwa na hospitali mabilioni ya shilingi, zikiwamo hospitali za Kanisa. Sheria yaweza kufuta jina la mfuko, lakini deni halifutiki kwa kubadili jina. Daktari wa misheni aliyekopa dawa atadaiwa na mwenye duka la dawa vile vile. Mwezi wa Novemba 2024 Maaskofu Wakatoliki wa Kenya walilitaja jambo hilo waziwazi katika tamko lao. Februari 2025 chama kimoja cha hospitali za binafsi kikatangaza kwamba wanachama wake watadai fedha taslimu. Mwezi uliofuata Rais akasema hospitali zinazodai mpaka shilingi milioni 10 zitalipwa zote, na zile zinazodai zaidi zitachunguzwa madai yao kwanza. Kati ya tangazo na tangazo, mgonjwa alikuwa pale pale dirishani.

Nilipomweleza mambo haya mzee mmoja mvuvi wa upande wa Konde, mwenye binti aliyeolewa Vanga, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Mwanangu, hao waliobomoa nyumba ya zamani, walijenga kwanza hiyo mpya, au walianza na kubomoa?" Sina swali bora kuliko hilo la kuwauliza watunga sheria wa nchi yo yote.

Wala msidhani kwamba mambo haya ni ya nchi maskini tu. Huko Marekani, tarehe 1 Julai 1988, Rais Reagan alitia sahihi sheria ya kuongeza matibabu ya wazee, ili wasifilisiwe na gharama za hospitali na dawa. Ilikuwa sheria ya rehema. Lakini gharama yake waliwekewa wazee wenyewe, na wale wenye pato kubwa walitakiwa kulipa nyongeza iliyofika mpaka dola 800 kwa mwaka. Malipo yakaanza kabla ya faida zote kuonekana. Wazee wakakasirika, huko Chicago, Agosti 1989, walilizunguka gari la mbunge mmoja mkubwa aliyeitwa Rostenkowski wakimzomea, akaondoka kwa miguu. Kabla ya mwaka 1989 kwisha Bunge likatunga sheria ya kuifuta ile ya kwanza. Iliishi mwaka mmoja na nusu tu. Na katika kuifuta, walifuta pamoja na mema yaliyokuwamo, hata msaada wa dawa ambao wazee wale walikuja kuupata tena kwa sheria ya mwaka 2003. Miaka kumi na minne! Mzee wa miaka sabini ambaye alizomea Chicago angalikuwa na miaka themanini na minne, kama alijaliwa kufika.

Njia nyingine ya kuiua sheria ni kuinyima sahihi. Bunge la Kenya lilipitisha mswada wa bima ya afya kwa wote mwishoni mwa mwaka 2004, Rais Kibaki akakataa kuutia sahihi. Uganda nayo ilipitisha wake Machi 2021, nao haukupata sahihi ya Rais Museveni. Mswada wa namna hiyo haumdhuru mtu dirishani, kwa sababu haujampa kitu bado. Kufuta kilichokwisha kutolewa ndiko kunakotaka uangalifu.

SISI NASI

Sasa turudi kwetu. Wengine huchanganya mambo, kwa hiyo yafaa nieleze. Afya si jambo la Muungano. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, ambayo mswada wake ulipelekwa Bunge la Dodoma mwaka 2022, ukacheleweshwa ili ujadiliwe zaidi, ukapitishwa Novemba 2023, ni sheria ya Tanzania Bara. Mkristo wa Wete aliyesikia redioni kwamba bima ni ya wote asidhani kwamba yeye ametajwa. Mambo ya matibabu ya Unguja na Pemba hutungiwa sheria na Baraza la Wawakilishi.

Baada ya Mapinduzi ya 1964, Serikali ya Zanzibar ilitangaza kwamba matibabu yatakuwa bure. Wazee wetu wa huku bado hulitaja neno hilo kwa heshima, nao wana haki. Lakini katika miaka ya tisini, fedha zilipopungua, ikaja desturi ya kuchangia. Mtu aliambiwa ni bure, na huku ananunua sindano, glovu na dripu dukani. Sheria haikufutwa, ilikonda tu. Pengine huo ndio ufutaji mbaya kuliko wote, kwa sababu haupigiwi kura wala hauna tarehe.

Mwaka 2023 Baraza likatunga Sheria ya Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar. Mfuko huo ulianza na watumishi wa umma kwanza, ambao mishahara yao ni rahisi kukatwa. Wachumaji wa karafuu, wavuvi na wakulima wa muhogo ndio watu wagumu kuwapangia, kama Kenya ilivyoonyesha. Karafuu huzaa mwaka huu kwa wingi, mwaka ujao mti ukapumzika. Mchango wao uandikwe kwa mwezi au kwa msimu? Asiye na cho chote alipiwe na nani, na nani atakayesema kwamba kweli hana? Hayo ndiyo ya kumwuliza Mwakilishi wa jimbo anapokuja kijijini, wala si baada ya mswada kupita. Mswada hutangazwa katika Gazeti Rasmi kabla ya kusomwa, na kamati ya Baraza hupokea maoni ya watu. Kwenda mpaka Chukwani ni safari ya meli na nauli yake, najua. Lakini barua ya kijiji yenye sahihi thelathini husafiri bila nauli kubwa, na Sheha aweza kuonyesha njia ya kuipeleka. Waislamu na Wakristo waandike pamoja, maana homa haiulizi mtu dini yake.

Na mkiandika, ulizeni hasa juu ya siku za katikati. Mpango wa zamani ukikoma leo jioni, mpya unaanza saa ngapi? Aliyelazwa usiku huo analipiwa na mfuko upi? Hospitali iliyokuwa ikidai italipwa na nani, na kwa muda gani? Mambo hayo huandikwa mwishoni mwa sheria, katika vifungu ambavyo wasomaji wengi wamekwisha kuchoka kabla ya kuvifikia. Mvisome hivyo kwanza.

Jambo jingine ni la karatasi, nami hulikuta kila wiki mezani pangu. Watu huja parokiani kuomba cheti cha ubatizo, wakidhani kitawatosha kuandikisha mtoto katika mpango wo wote wa Serikali. Cheti cha ubatizo husaidia kuonyesha tarehe na majina ya wazazi, lakini si cheti cha kuzaliwa. Cheti cha kuzaliwa hutolewa na ofisi ya usajili ya Serikali, na mtoto aliyezaliwa nyumbani aandikishwe mapema, wakati mkunga na majirani walioshuhudia wangali hai na wanakumbuka. Majina yawe yale yale katika karatasi zote. Nimeona mtoto mmoja ambaye kwa padre ni Yohane, kwa Sheha ni Juma, na katika kadi ya kliniki ni John. Hao kwa kompyuta ni watoto watatu, na hakuna hata mmoja wao aliye na haki kamili. Wenye jamaa Kwale au Kilifi wawaandikie habari hizi hizi, tena wawaambie wasitupe kadi zao za zamani wala risiti za michango waliyokwisha kulipa, bali wazifunge kitambaani pamoja na vyeti vya watoto.